Kuranti Imekatwa: Basi Nani Amempiga?



Mara nyingi hapa tunasema juu ya vumbi, malaria, maji ya kunywa, kofia na viatu vya kazi. Leo tutasema juu ya kitu kisichoonekana wala kunuka, ambacho hata mafundi wengine wa umeme hawakiogopi vya kutosha: kuranti inayozaliwa ndani ya waya ambao haukuungwa na mashine yoyote. Mafundi wanaiita induksio.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya dispanseri, waliniletea fundi wa laini aliyepigwa na umeme. Kampuni yake siitaji, wala mahali. Laini aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa imekatwa. Swichi ilikuwa wazi, kufuli limefungwa juu yake, na ufunguo wa kufuli hilo niliuona mimi mwenyewe mfukoni mwa suruali yake, nilipoikata kwa makasi ili nitazame majeraha. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Hata hivyo mkono wake wa kuume ulikuwa umeungua mpaka mfupa, na chini ya unyayo palikuwa na tundu jeusi, pale kuranti ilipotokea kwenda udongoni.

Alipona, lakini vidole viwili vilikatwa. Mke wake alisimama pale mlangoni pa lopitali akauliza mbele ya watu wote: "Kama waya ulikuwa umekufa, basi nani amempiga?"

Ilipofika jioni kartie nzima ilikuwa imepata jibu. Wengine walisema mlinzi wa kabini alirudisha kuranti kwa makusudi, kwa sababu wale wawili waligombana zamani juu ya deni. Wengine wakasema ni dawa za watu. Yule mlinzi alikaa wiki nyingi bila kusalimiwa njiani, na mke wake akaacha kwenda sokoni. Hakuna aliyemweleza yule mama kwamba kando ya laini iliyokatwa, mita chache tu, ilipita laini ya pili iliyokuwa na kuranti, na kwamba hiyo peke yake ilitosha. Mimi pia sikumweleza. Wakati ule sikujua.

Tangu siku ile nimewauliza mafundi, nimesoma, na sasa nitakueleza polepole.

Kinga yako inajua habari hii

Chukua kinga yenye dinamo, yaani baiskeli ya kawaida yenye taa mbele. (Hapa Katanga tunaiita kinga, msomaji wa Dar es Salaam atafikiri nasema juu ya kofia na glavu, na siku ya leo hatakuwa amekosea sana.) Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, kisha bonyeza dinamo ishike mpira. Toa waya mmoja wa taa: gurudumu linazunguka bila shida kubwa. Rudisha waya, taa iwake: mara moja gurudumu linakuwa zito. Kila mtu aliyetoka kazini Shituru usiku na kupanda mlima kwa kinga anaujua uzito huo katika magoti.

Ndani ya dinamo mna sumaku inayozunguka karibu na bobini ya waya wa shaba. Sumaku haigusi waya. Lakini kila mara nguvu yake inapozidi au kupungua ndani ya bobini, bobini inasukuma kuranti. Mwingereza Michael Faraday ndiye aliyeonyesha jambo hili London mwaka 1831. Aliona pia neno moja ambalo wengi wanalisahau: sumaku ikikaa kimya haifanyi kitu. Uiache ndani ya bobini mwaka mzima, hakuna kuranti. Linalozaa kuranti ni badiliko.

Sasa, kuranti hiyo inakwenda upande gani? Jibu lilitolewa mwaka 1834 na Heinrich Lenz, mwalimu wa sayansi huko Saint Petersburg, Urusi. Alisema hivi kwa maana yake: kuranti iliyozaliwa inakwenda siku zote upande ule unaopinga badiliko lililoizaa. Sumaku ikija, bobini inajifanya sumaku ya kuisukuma irudi. Sumaku ikiondoka, bobini inageuka na kuivuta ibaki. Ni kama mtu asiyependa mgeni aingie, na mgeni akiisha kukaa, hapendi aende.

Ukitaka kujua upande wenyewe, tumia mkono wa kuume. Kunja vidole kama unaizunguka bobini, kidole gumba kikiwa kimenyoka. Ncha ya kaskazini ya sumaku inapokaribia, elekeza gumba kwenye sumaku: vidole vinaonyesha njia ya kuranti. Sumaku inapoondolewa, geuza gumba lielekee upande mwingine, na utaona vidole vimegeuka pia. Hakuna zaidi ya hapo.

Mtu atauliza: kwa nini ipinge, isisaidie? Fikiri tena kinga yako. Kama kuranti ingesaidia mwendo, ungesukuma gurudumu mara moja tu, halafu dinamo ingejizungusha yenyewe kwa kasi zaidi na zaidi, na taa ingewaka mpaka asubuhi bila mtu kula bukari. Jambo hilo halipo duniani. Mwanga wa taa unatoka katika miguu yako, na uzito unaousikia ndio malipo.

Huko Mwadingusha, kwenye maporomoko ya Cornet ya mto Lufira, ambako mtambo unatoa umeme tangu mwaka 1930, jambo ni lilelile, ila miguu ni maji. Jioni mama wote wa Likasi wanapowasha resho, na viwanda vikiwa vinafanya kazi, alternateri inakuwa nzito kama dinamo ya kinga, na lazima turbini ipewe maji mengi zaidi ili isipunguze mwendo. Maji yasipotosha, au mashine isipoweza, basi kuna delestaji na tunakula gizani. Mashine za Mwadingusha zilifanywa upya na kurudishwa kwenye laini mwaka 2021, zikiwa na uwezo wa karibu megawati 78, lakini sheria ya Lenz haikubadilishwa.

Watoto wakitaka kuona kwa macho, waachilie sumaku ndogo yenye nguvu ndani ya bomba nene la shaba lililosimama wima. Shaba haivutwi na sumaku, sisi watu wa shaba tunajua hilo. Lakini sumaku itashuka polepole kana kwamba mna asali ndani, kwa sababu ukuta wa bomba unazaa kuranti zinazopinga kuanguka kwake. Ila, mama, baada ya mchezo zihesabu sumaku na uziweke mbali. Mtoto akimeza sumaku mbili ndogo za namna hii, zinatafutana ndani ya tumbo, zinabana matumbo katikati na kuyatoboa. Usingoje aanze kutapika. Mlete lopitali siku ileile.

Waya ulio kando ya waya

Tumeona sumaku inayotembea. Lakini hakuna haja ya sumaku kutembea. Kila waya wenye kuranti umezungukwa na nguvu ya sumaku, na katika laini zetu za kawaida kuranti inakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Maana yake nguvu ile inazidi, inapungua, inageuka, bila kupumzika. Weka waya mwingine kando yake, hata usiguse: waya huo wa pili ni kama bobini iliyonyoshwa. Kuranti ya laini ya kwanza inapozidi kuelekea Likasi, laini iliyokatwa inataka kusukuma kuranti ya kurudi kinyume. Ile ya kwanza inapopungua, ya pili inageuka na kusukuma upande uleule mmoja nayo. Lenz hana upendeleo.

Kadiri laini mbili zinavyokwenda pamoja kilomita nyingi, kadiri zilivyo karibu, na kadiri kuranti ya ile hai ilivyo kubwa, ndivyo volti zinavyoongezeka katika ile unayoiita mfu. Zinaweza kufika mamia, na ajali ikitokea kwenye laini hai, kwa mfano mti umeangukia waya, zinaweza kupita hapo kwa nukta moja. (Kuna pia chaji inayokuja kwa njia ya hewa kutoka kwa volti za laini ya jirani, hiyo ni ndugu wa induksio, nayo ina meno.)

Sasa pima na mwili wa mtu. Mkono mpaka mguu, mwili wenye jasho una upinzani wa karibu omu 1,000. Volti 50 zinapitisha hapo miliampea 50. Miliampea 1 unaisikia kama kuchomwa. Kwenye 10 hivi misuli inakaza na mkono haukubali kuachia. Kuanzia 30 pumzi na moyo viko hatarini. Kwa hiyo hakuna haja ya maelfu ya volti.

Waya ambao haukuungwa popote hauna kuranti inayopita, kwa sababu hauna njia. Una volti zinazongoja. Mtu anayesimama chini na kuushika ndiye anayeleta njia.

Ndiyo sababu sheria ya kazi inasema: kukata hakutoshi, kufunga kufuli hakutoshi, lazima kupima na kuunga laini na udongo. Wengi wanaunga kwenye kabini peke yake, halafu wanakwenda kufanya kazi mbali. Hapo ni kosa. Ukiunga upande mmoja, pale penyewe pana usalama, lakini volti za induksio zinakua tena kadiri unavyoondoka kutoka pale. Unga pande mbili za mahali pa kazi, na pale unapogusa waya.

Lakini usifikiri kwamba ukiisha kuunga pande mbili umeme umelala. Kinyume chake! Sasa kuna mduara uliofungwa: waya juu, udongo chini. Kuranti ya Lenz inapita ndani yake kweli, mchana kutwa, wakati wewe unakaza bulo. Haikugusi kwa sababu ina njia iliyo rahisi kuliko mwili wako. Hatari iko saa ya kumaliza, pale unapoivunja njia hiyo.

Na hapa namrudia yule fundi wangu. Miezi mingi baadaye alikuja kufungwa bandeji, nikamwuliza tena. Akasema: "Musaidizi, kazi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa chini, nikaanza kutoa kibano cha chini, kile cha udongo, kwa sababu kilikuwa karibu." Glavu alikuwa amezivua, mvua ilikuwa imenyesha. Kibano cha juu kilikuwa bado kimeshika laini. Alipofungua cha chini, kabli yote aliyoishika mkononi ikapanda volti za laini, na kuranti iliyokuwa ikishuka udongoni kwa njia ya kabli ikashuka kwa njia yake. Hakuna mtu aliyerudisha kitu. Mlinzi wa kabini alikuwa amekaa kwenye kiti chake na swichi iko wazi.

Kwa hiyo shika utaratibu huu hata usingizini: unapofunga, kwanza udongo, halafu laini, kwa fimbo ya kazi. Unapofungua, kwanza laini, kwa fimbo ileile, na udongo ni wa mwisho. Ukiona cheche ndogo kibano kinapoachana na waya, usishangae wala usimtukane mlinzi. Ni Lenz anaaga.

Ninyi vijana mnaokata kabli wakati wa delestaji, mkifikiri laini imelala: sina nafasi hapa ya kusema juu ya wizi. Nasema tu kwamba laini ya jirani haikulala.

Detoneta

Ndugu zangu wa mina na wa karieri, jambo hili ni lenu zaidi. Detoneta ya umeme ina nyaya mbili. Ukizitandaza chini zikiwa wazi, umetengeneza bobini ya mzunguko mmoja, kubwa kama kiwanja cha nyumba. Laini kubwa ikipita karibu, au radi ikipiga hata mbali, au redio yenye nguvu ikisema, mduara ule unaweza kuzaa kuranti yake, na detoneta haiulizi kama ni mlipuaji aliyeituma. Sheria ya migodi ya Marekani inakataza kuendelea na kazi hiyo mahali ambapo kuranti potevu inazidi ampea 0.05. Ni kidogo sana.

Kwa hiyo ncha mbili zisokotwe pamoja tangu kiwandani mpaka dakika ya kuungwa, na nyaya zilale zikibanana, zisiachane. Mzunguko usio na nafasi ndani yake hauna cha kushika. Wingu la radi likionekana, wote mtoke. Mina nyingi siku hizi zinatumia mirija isiyo na umeme, na sababu moja ni hii: mrija hauna waya, basi induksio haina mahali pa kuingilia.

Bobini haipendi kukatwa

Kuna upande mwingine wa sheria hii. Bobini yenyewe ikiwa na kuranti na wewe ukaikata ghafla, hilo nalo ni badiliko, na bobini inalipinga: inasukuma kuranti iendelee upande uleule, hata kama ni kwa kuruka hewani au kupita kwenye vidole vyako. Kijana mwenye moto anajua kwamba bobini ya moto inachukua volti 12 za betri na kutoa maelfu kwenye buji. Ni kukatwa kwa ghafla kunakofanya hivyo.

Katika konsantrateri, ile sumaku kubwa inayoning'inia juu ya mkanda ili kuokota vipande vya chuma ni bobini kubwa sana inayokula kuranti nyoofu. Isifunguliwe waya wake kwa bisibisi eti kwa kuwa ni volti chache tu. Ikatwe kwa swichi yake, ambayo ina njia ya kumwaga nguvu, ingojewe, ipimwe.

Juu ya kumbi za elektrolizi nitapita upesi. Kuranti ya huko ni nyoofu na haigeuki, kwa hiyo ikiwa imetulia haizai induksio. Kwa sababu hiyohiyo transfo haifanyi kazi kwa kuranti nyoofu, na ndiyo maana umeme unaotoka Inga, kilomita karibu 1,700 mpaka Kolwezi, unageuzwa kwanza huko Kolwezi kabla ya kugawanywa. Lakini sumaku ya kumbi hizo ni kali. Mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha moyo asiingie, hata kwa matembezi ya dakika 5. Na fundi anayekaribia tanuru ya induksio avue pete ya ndoa: pete ni mduara uliofungwa, na itawaka moto kidoleni kabla tanuru halijamgusa. Mama asikasirike akiiona pete mfukoni.

Mtu akipigwa

Usimshike. Kata kuranti kwanza. Nyumbani zima disjonteri, au msukume mbali na waya kwa mti mkavu, wewe ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Lakini kwenye laini kubwa mti mkavu haufai kitu: kaa mbali, waite watu wa laini, ngoja mpaka wamekata na kuunga na udongo. Najua ni vigumu kumtazama ndugu yako amelala. Nimewahi kupokea wawili mahali pa mmoja kwa sababu hiyo.

Akiisha kuwa huru, tazama kama anapumua. Kama hapumui, au anavuta pumzi moja moja ya kukoroma, mlaze chali mahali pagumu, weka mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kila mara 30, mpe pumzi mbili mdomoni kama unajua. Kama hujui, bonyeza tu bila kuacha. Umeme unasimamisha moyo ambao bado ni mzima, kwa hiyo usichoke upesi, mpokezane. Usimmwagie maji, usimpe maziwa.

Na yule anayesimama, anacheka na kusema "si kitu"? Huyo ndiye ananitia hofu. Umeme unaingia mkononi, unatokea mguuni, na katikati umepika nyama bila ngozi kuonyesha. Moyo wake unaweza kuharibika mwendo baadaye. Aje dispanseri siku ileile, asirudi kazini wala asiende nyumbani peke yake. Mama, ukiona usiku mkojo wa bwana umekuwa mweusi kama kahawa au Coca-Cola, ni misuli iliyoungua inayopita kwenye figo na kuziziba. Usingoje jogoo. Mlete usiku huohuo, na mtuambie laini ipi ilimpiga, saa ngapi, na laini gani nyingine ilikuwa inapita kando yake.